Kumjaribisha mtoto mdogo somo la dansi Lubumbashi: mambo ya kutazama kabla ya kulipa

Mzazi anayempeleka mtoto wa mwaka mmoja na nusu, miwili au karibu mitatu kwenye somo la dansi la majaribio kwa kawaida huenda akijiuliza kama mwanawe ataweza. Kwa maoni yangu, mtoto wa umri huo hana mtihani wowote wa kufanya. Siku hiyo wanaopimwa ni watu wazima: anayefundisha, aliyeandaa chumba, aliyechagua saa, na zaidi ya yote namna wote hao wanavyomtendea mtoto ambaye hataki kucheza. Mwongozo huu ni kwa wazazi na walezi wa Lubumbashi, mji ambamo mtoto husikia muziki tangu asubuhi kutoka parsele ya jirani, lakini ambamo darasa linalotangazwa kuwa la watoto laweza kumweka wa miaka miwili pamoja na wa miaka minane na kuwataka wote wafuate hatua zilezile. Kwa kuwa katika mfumo wetu wa elimu maternele, yaani shule ya awali, huanza mtoto akiwa na miaka 3, somo la dansi huweza kuwa ndiyo mara yake ya kwanza kukaa na kundi la wenzake mbele ya mtu asiye wa nyumbani, na hilo peke yake ni jambo kubwa kwake kuliko hatua yoyote ya ngoma atakayofundishwa.

Mwili wa mtoto unaweza nini

Watoto wengi huanza kutembea bila kushikwa kati ya miezi 9 na 18. Kuruka kwa miguu yote miwili kwa pamoja huja karibu na umri wa miaka 2 au 2 na nusu. Kusimama kwa mguu mmoja kwa muda mfupi huja karibu na miaka 3. Kurukaruka kwa mguu mmoja huja karibu na miaka 4, na ule mwendo wa kurukaruka kwa kupokezana miguu, ambao walimu wengi wa dansi wanaupenda, husubiri miaka 5 au zaidi. Ninatanguliza umri huu kwa sababu unampa mzazi kipimo cha haraka: mwalimu anayemwamuru mtoto wa miaka miwili asimame kwa mguu mmoja na kuunyoosha mwingine, kisha akamkaripia anapoanguka, hajui kazi yake, hata kama yeye mwenyewe anacheza vizuri jukwaani.

Mdundo nao una wakati wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu watoto wa kati ya miezi 5 na miaka 2 ulionyesha kwamba muziki huwafanya watikise mwili kwa mpigo zaidi kuliko sauti ya mtu anayezungumza, ijapokuwa miondoko yao haiendi sawasawa na muziki wenyewe. Raha ya kucheza hutangulia ustadi kwa miaka kadhaa, na mtoto anayepiga makofi nje ya mdundo huku anacheka yuko mahali anapopaswa kuwa.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri kwamba watoto wa umri wa mwaka 1 hadi 4 wapate angalau dakika 180 za kuushughulisha mwili kila siku. Somo moja la nusu saa kwa juma haligusi hesabu hiyo. Hesabu hiyo hutimizwa na kukimbia uani, kupanda na kushuka ngazi za baraza, kubeba kikopo cha maji kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kwa hiyo asilipe mtu akidhani ananunua mazoezi ya mwili. Anachokilipia ni nafasi ya mtoto kusikiliza, kuiga, kungoja zamu yake na kumwamini mtu mpya, mambo ambayo mwalimu mzuri huyafundisha kupitia ngoma na mwalimu mbaya huyaharibu kupitia ngoma hiyohiyo.

Kama mtoto amefikisha miezi 18 na bado hatembei, au kama hageuki anapoitwa jina wala hashtuki muziki unapoanza, kwanza muone daktari. Darasa litangoja.

Kuuliza kabla ya kwenda

Mahali pa kuulizia ni pengi kuliko inavyoonekana. Shule za maternele zenye ukumbi hukubali wakati mwingine kundi la watoto wadogo siku ya Jumamosi; parokia na makanisa huwa na vikundi vya ngoma ambavyo viongozi wake wanamfahamu mtu anayefundisha watoto; Taasisi ya Kifaransa, kwenye Halle de l'Étoile katikati ya mji, hupokea wasanii wa dansi, na hata pale isipokuwa na somo la umri huu ni mahali pazuri pa kuuliza nani anafundisha. Mama mwenye mtoto wa rika moja na wako ndiye chanzo bora kuliko tangazo lolote la simuni, kwa sababu yeye atakuambia mtoto wake alirudi akiwa katika hali gani.

Ukishapata namba ya mwalimu, mpigie badala ya kumwandikia, kwa kuwa sauti yake akimzungumzia mtoto inakueleza mengi. Muulize watoto watakuwa wangapi na wa umri gani. Kwa watoto walio chini ya miaka mitatu, kundi la watoto sita hadi kumi, kila mmoja akiwa na mtu wake mzima chumbani, linaongozeka. Kundi la ishirini lenye mwalimu mmoja ni vurugu, hata mwalimu awe na moyo wa aina gani. Muulize kama mzazi anabaki ndani. Mwalimu akijibu kwamba wazazi hungoja nje ili watoto wazoee, mshukuru na utafute kwingine, maana mtoto wa miaka miwili anayetengwa na mama yake katika chumba kigeni chenye muziki mkubwa hazoei chochote siku hiyo. Muulize somo linachukua muda gani: nusu saa inatosha, dakika arobaini na tano ni kikomo. Mwisho muulize bei ya somo moja la majaribio, na kama bei imetajwa kwa dola, ni kwa kiwango gani atakapolipwa kwa faranga.

Saa ya somo ina uzito ambao wazazi wengi hawaupi. Mtoto wa mwaka 1 au 2 anahitaji kulala jumla ya saa 11 hadi 14 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo, na usingizi huo humjia wengi wao baada ya chakula cha mchana. Somo la saa nane mchana, mtoto akiwa ametoka kula bukari na macho yanamfumba, litaisha kwa kilio, na mzazi atarudi nyumbani akisema mwanawe hapendi dansi. Asubuhi kati ya saa tatu na saa tano ndiyo saa njema kwa wengi. Hata hivyo asubuhi za Juni na Julai hapa kwetu ni za baridi, halijoto ya alfajiri huweza kushuka chini ya nyuzi 10, na sakafu ya saruji hubaki baridi muda mrefu baada ya jua kutoka. Katika miezi hiyo saa nne na nusu ni afadhali kuliko saa tatu. Kuanzia Novemba hadi Machi mvua kubwa hupenda kuja alasiri, na kumrudisha mtoto aliyechoka kwa teksi katikati ya dhoruba ni taabu ambayo somo la asubuhi lingeiepusha.

Ikiwa umeuliza kote na hukupata darasa la umri huu, usimwingize mtoto kwenye darasa la wakubwa kwa kukosa jingine. Waite majirani wawili au watatu wenye watoto wa rika hilo, mkutane kwenye parsele yenye uwanja safi, mtu mmoja apige kidumu kitupu kama ngoma na mwingine aongoze nyimbo alizozijua tangu kwa nkambo wake. Dakika ishirini mara moja kwa juma, siku ileile, saa ileile, kwa wimbo uleule wa kuanzia na uleule wa kumalizia, zitawapa watoto karibu kila kitu ambacho somo la kulipia lingewapa.

Nyumbani siku hiyo

Mweleze mtoto kwa maneno machache na ya kweli: tutakwenda nyumba kubwa, kuna watoto, kuna ngoma, mama atakaa nawe. Usimwambie kwamba atafurahi sana. Huna hakika, na yeye anakumbuka ahadi. Mpe uji au ndizi kiasi cha saa moja kabla, si mlo kamili, na uchukue maji ya kunywa yaliyochemshwa katika chupa anayoifahamu.

Mavazi yawe ya kila siku, yasiyombana, ambayo mtoto anaweza kuchuchumaa nayo. Gauni la sherehe lenye sketi pana humkwaza, na mtoto aliyeonywa njia nzima asilichafue hataketi sakafuni. Vua bangili, mkufu na hereni zinazoning'inia. Kama nywele zimesukwa kwa shanga, hakikisha hakuna shanga iliyolegea, kwa kuwa ikidondoka itaishia mdomoni mwa mtoto mwingine. Kuhusu miguu, peku ni bora pale sakafu iliposafishwa na haina baridi kali. Soksi tupu juu ya vigae au saruji iliyosuguliwa huteleza na kumwangusha mtoto kwa kisogo, na kwa hiyo siku ya baridi mvalishe viatu vyepesi vyenye soli laini ya mpira.

Mtoto mwenye homa, kuhara, macho mekundu yanayotoa tongo au vipele visivyojulikana vimetoka wapi abaki nyumbani, hata kama somo limeshalipiwa. Watoto wadogo hutia kila kitu mdomoni, na vitambaa na njuga hupita kwa kila mmoja wao. Angalia pia kadi yake ya chanjo kabla ya kuanza kuchanganyika na kundi: chanjo ya kwanza ya surua hutolewa akiwa na miezi 9, na surua ni ugonjwa unaorudi mara kwa mara nchini mwetu.

Chumba

Fika robo saa kabla. Muda huo ni wa mtoto kukitambua chumba kikiwa bado kimya, na ni wa kwako kukikagua. Tembea naye pembeni mwa kuta ukitazama kwa kimo chake: soketi za umeme zisizofunikwa, waya za vipaza sauti zilizotandazwa sakafuni, viti vya plastiki vilivyopangwa mnara ambao mtoto anaweza kuuvuta, mlango unaofunguka moja kwa moja barabarani. Ukumbi mwingi unaokodishwa kwa sherehe za Jumamosi usiku haujafagiwa vizuri Jumapili au Jumatatu asubuhi, na vifuniko vya chupa na vipande vya glasi hubaki chini ya viti. Pitisha macho hapo kabla hujamvua mtoto viatu.

Kama ukumbi unatumia jenereta, iko wapi? Ni lazima iwe nje, mbali na madirisha na milango, kwa sababu moshi wake una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu ambayo huua watu ndani ya vyumba vilivyofungwa. Jenereta iliyowekwa kwenye korido au chini ya dirisha lililo wazi ni sababu ya kutosha ya kuondoka mara moja, bila kungoja maelezo.

Sauti nayo haihitaji chombo cha kuipima. Simama umbali wa urefu wa mkono kutoka kwa mtu mwingine na uzungumze kwa sauti ya kawaida. Kama inakubidi kupaza sauti ili akusikie, muziki umefikia kiasi cha desibeli 85 au zaidi, na masikio ya watoto hayapaswi kukaa hapo. Mwombe mwalimu apunguze. Jinsi anavyolipokea ombi hilo ni sehemu ya majaribio yako.

Somo lenyewe

Mzazi anayebaki ndani ana kazi, na kazi yake ni kucheza. Mtoto wa umri huu hatazami mwalimu kwanza; humtazama mama yake, na akimwona ameketi kwenye kiti anaandika simuni anaelewa kwamba mahali hapa hapana jambo la maana. Keti sakafuni, piga makofi, imba hata kama hujui maneno, mbebe akitaka kubebwa na ucheze naye mgongoni au kiunoni kama anavyobebwa nyumbani kila siku. Jambo moja usilifanye: usimshike mikono na kuitikisa ili ionekane anacheza.

Somo zuri lina mwanzo unaofanana kila mara, kwa kawaida wimbo wa salamu ambamo kila mtoto anatajwa kwa jina lake, kisha miondoko mikubwa ya kutembea, kukimbia, kutambaa na kusimama ghafla muziki unapokatwa, kisha kitu cha kushika kama kitambaa au njuga, kisha utulivu na wimbo wa kuagana. Mwalimu anayejua kazi hurudia jambo lilelile mara nyingi pasipo kuchoka, kwa sababu watoto wadogo hupata raha katika kulijua linalofuata. Maelezo yake ni mafupi. Anaonyesha kwa mwili wake zaidi ya anavyosema, na hilo ni la manufaa sana mjini kwetu ambako nyumba moja huzungumza Kiswahili, nyingine Kifaransa au Kiluba, na watoto wote wanakutana sakafu moja.

Tazama kinachotokea umeme ukikatika, kwani utakatika. Mwalimu wa aina moja husimama, huomba radhi na kutafuta mtu wa kuwasha jenereta, na katika dakika tano hizo watoto hutawanyika. Wa aina nyingine huchukua ngoma, au hupiga mapaja yake, na somo linaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Huyu wa pili ana sayansi upande wake: utafiti uliochapishwa mwaka 2009 uligundua kwamba watoto wa miaka 2 na nusu huufuata mdundo vizuri zaidi wakiupiga pamoja na mtu wanayemwona kuliko wakiusikia kutoka kwenye kipaza sauti. Kama ningepaswa kuchagua kati ya ukumbi wenye vyombo vya kisasa na chumba chenye mwalimu anayejua kupiga ngoma, ningechagua ngoma bila kusita.

Kuna jambo la usalama ambalo wazazi na walimu wengi hawalijui. Mtoto wa kati ya mwaka 1 na 4 akivutwa kwa nguvu kwa mkono mmoja, au akishikwa viganja na kuzungushwa hewani, mfupa wa kiwiko unaweza kuchomoka kidogo kutoka kwenye ukano unaoushikilia. Mtoto hulia, kisha huuacha mkono ukining'inia ubavuni na kukataa kuutumia. Daktari au muuguzi aliyefunzwa huurudisha kwa muda mfupi, lakini maumivu hayakuwa na sababu. Mtoto huinuliwa kwa kushikwa kwapani au kiwiliwili. Mwalimu anayewarusha watoto kwa viganja ili kuwachekesha wazazi aambiwe papo hapo, kwa adabu lakini kwa uwazi; vivyo hivyo anayewakandamiza mabega ili wapasue miguu, kwa kuwa hakuna dansi yoyote inayomhitaji mtoto wa umri huo avutwe viungo.

Mtoto anapokataa

Hapa ndipo darasa hujulikana. Katika kila kundi la watoto wadogo wapo wanaojitupa katikati tangu dakika ya kwanza na wapo wanaong'ang'ania mguu wa mama hadi mwisho, na wote wawili ni watoto wa kawaida. Anayetazama anafanya kazi; wengi wao huonyesha nyumbani jioni, mbele ya beseni la vyombo, hatua zote ambazo hukuona akizifanya asubuhi.

Niliwahi kumtazama mwalimu mmoja, katika ukumbi wa parokia kwenye komini ya Kamalondo, akiwa na mtoto wa namna hiyo. Alikuwa mvulana wa miaka miwili hivi, suruali imekunjwa mara mbili kwenye vifundo, uso wake umezama katika kitenge cha shangazi yake. Wenzake walikuwa wamegawiwa vipande vya kitenge vya kupeperusha. Mwalimu hakumwita wala hakumwinamia. Alipopita karibu naye akiendelea kuimba, alikiacha kipande kimoja kianguke sakafuni, hatua moja kutoka alipo mtoto, akaenda zake. Nyimbo mbili zikapita. Mvulana akanyoosha mguu wake, si mkono, akakikanyaga kitambaa kwa vidole, akakivuta kidogo kuelekea kwake, akakisukuma tena. Mwalimu, ambaye kumbe hakuwa ameacha kumwangalia kwa pembe ya jicho, akaliambia kundi lote: "Sasa tuvute kitenge kwa mguu." Watoto wanane na mama zao wakaweka vitambaa chini na kuvivuta kwa miguu. Mvulana akainua uso, akaona ukumbi mzima unafanya kitu chake. Hakuachia kitenge cha shangazi hadi mwisho wa somo, lakini mguu wake ulicheza.

Mwalimu kama huyo ukimpata, usimwache kwa sababu ukumbi wake hauna viyoyozi.

Upande wa pili kuna maneno ambayo ukiyasikia yakielekezwa kwa mtoto anayekataa yanakutosha: "ona mwenzako anavyocheza," "mtoto mkubwa halii," "mama yako atakuacha hapa." Mara nyingi ni mzazi ndiye anayeyasema, kwa aibu ya kutazamwa na wengine, na ningemsihi kila mzazi ajizuie, kwa sababu aibu hiyo ni ya mtu mzima na mtoto hapaswi kuibeba. Akilia, toka naye nje, mwache anywe maji, atazame watu wanaopita, kisha mrudi mlangoni na mtazame kutoka hapo. Akilia mara ya pili kwa nguvu ileile, agana na mwalimu na mwende nyumbani pasipo kumlaumu mtoto njiani. Nusu ya somo ni somo.

Nyimbo na picha

Sikiliza maneno. Mji wetu una utajiri wa ngoma ambazo mtoto anaweza kuanza nazo bila mtu yeyote kuona haya; mutuashi ya Waluba wa Kasai, ambayo Tshala Muana, aliyezaliwa hapahapa Lubumbashi mwaka 1958, aliifikisha kwenye majukwaa ya dunia, huchezwa na mabibi na wajukuu katika sherehe moja, na kutikisa kiuno ndani yake hakuna ubaya wowote. Tatizo ni nyimbo za baa zinazowekwa kwa watoto kwa sababu tu zina mdundo mzuri. Mtoto wa miaka miwili yumo katika umri wa kujifunza lugha na atayarudia maneno hayo yote mbele ya babu yake. Muombe mwalimu akuambie anatumia nyimbo gani.

Kuhusu picha, mpige wako peke yake, dakika moja, kisha uiweke simu mfukoni. Watoto wengine wana wazazi wao, na ruhusa ni yao. Mwalimu anayerekodi darasa ili ajitangaze anapaswa kuomba kabla, na mzazi ana haki ya kukataa bila kuonekana mtu mgumu.

Kuamua

Usiamue siku hiyohiyo. Tazama nyumbani siku mbili tatu zinazofuata: je, anaimba kipande cha wimbo, anaomba kitambaa, anakuvuta mkono mucheze? Au analala kwa shida na kukushikilia unapoelekea mlangoni? Usimuulize kama alicheza vizuri. Cheza naye kidogo jikoni na uone analeta nini.

Somo moja halitoshi kumjua mtoto, ijapokuwa wakati mwingine linatosha kumjua mwalimu. Ikiwa chumba kilikuwa salama na mwalimu mpole, rudi mara mbili au tatu zaidi hata kama mtoto alikaa pembeni, na ikiwezekana jaribu saa tofauti. Ikiwa ulichokiona ni ukali, kelele au uzembe, usirudi hata kama mtoto alicheka muda wote.

Lipa somo kwa somo mwanzoni, na udai risiti. Mwalimu anayetaka malipo ya miezi mitatu kabla ya mtoto kuzoea anakuomba ubebe hasara ambayo ni halali aibebe yeye, kwa kuwa watoto wa umri huu huugua mara kwa mara na hubadilika kutoka juma moja hadi lingine. Walimu wengine hukubali kadi ya masomo manne ambayo mtoto akiugua haipotei. Uliza, hata kama hawajaitangaza.

Na ukiamua kutoendelea, mpigie mwalimu umwambie sababu. Mweleze kwamba muziki ulikuwa mkubwa, kwamba saa ilikuwa ya usingizi, kwamba watoto wakubwa walimsukuma mwanao. Wengi wa wanaofundisha watoto wadogo mjini kwetu wamejifunza wenyewe, kwa kupenda, na hakuna anayewaambia mambo haya. Wazazi hukatika kimyakimya, na mwalimu hubaki akidhani tatizo ni bei. Huenda akahamisha somo hadi saa nne asubuhi, na juma linalofuata ukapata sababu ya kujaribu tena.